“URT 1999” ni sheria ipi? Namna ya kurejelea sheria na hukumu kwenye tasnifu

“Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili. Tasnifu yangu inachunguza taswira ya mwanamke na urithi wa ardhi katika riwaya, na sura ya pili inaeleza hali ya kisheria ili msomaji aelewe riwaya hizo zinabishana na nini. Ninaandika kwa Kiswahili, na chuo chetu kinatumia mtindo wa APA wa kurejelea vyanzo. Sheria zote nimezirejelea kama (URT, 1977), (URT, 1999) na kadhalika, kwa sababu tasnifu nilizozisoma zimefanya hivyo. Msimamizi amerudisha sura nzima na kuandika kwa kalamu nyekundu: ‘URT 1999 ipi? Ukurasa uko wapi? Rekebisha zote.’ Nimejaribu kuweka kurasa, lakini nakala niliyopakua na ile ya maktaba hazilingani. Mwandishi wa sheria ni nani hasa? Majina ya Kiingereza niyatafsiri? Na hukumu niliyoisoma mtandaoni naiwekaje? Halafu, samahani kwa hili la pembeni: shangazi yangu ana mgogoro wa shamba la ukoo. Amesikia ninasoma sheria hizi, anataka nimwandikie hoja za kupeleka barazani.”

Mwalimu, pole na kalamu nyekundu. Msimamizi wako yuko sahihi kwenye swali la kwanza. Kwenye la pili, la ukurasa, sikubaliani naye, na nitakueleza sababu ili uweze kumjibu kwa heshima. Mimi ni mkutubi wa sheria, na wanafunzi wanaonijia na tatizo kama lako aghalabu si wa sheria. Ni wa fasihi, elimu, sosholojia, watu waliofundishwa vizuri kurejelea vitabu, kisha wakakutana na kitu ambacho si kitabu.

Tuanze na hiyo URT, yaani United Republic of Tanzania, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi, Na. 4, na papo hapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5. Zote mbili ni “URT 1999”. Sasa fikiria msomaji wako amekuta umeandika kwamba kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, umefunga mabano kwa (URT, 1999), naye akaenda kutafuta. Akifungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji atakipata: kifungu cha 20(2) kinasema kanuni ya mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Akifungua Sheria ya Ardhi, kifungu cha 20 kitamweleza habari za watu wasio raia na ardhi ya uwekezaji. Atadhani umebuni. Kuongeza herufi, 1999a na 1999b, kunapunguza tatizo bila kuliondoa, kwa sababu bado anapaswa kukimbilia mwisho wa tasnifu kujua “b” ni nini, na herufi hizo hubadilika kila unapoongeza chanzo kipya.

Desturi ya URT imetoka wapi? Kwa kuona kwangu, imetoka kwenye ripoti na sera. Sera ya taifa au matokeo ya sensa ni nyaraka ambazo serikali au wizara imeziandika na kuzitoa kwa jina lake, kwa hiyo kuiweka Jamhuri ya Muungano mahali pa mwandishi ni sawa kabisa. Katalogi za maktaba nazo huorodhesha sheria chini ya jina la nchi ili zikae pamoja kwenye rafu. Watu wakaona, wakaiga, na sheria zikavalishwa vazi la ripoti.

Lakini sheria haina mwandishi kwa maana unayoijua wewe. Kwenye kitabu jina la mtu linatangulia kwa sababu hoja ni zake na uzito wake unatokana na yeye. Sheria uzito wake unatokana na kupitishwa na Bunge, kuridhiwa na Rais na kuanza kutumika. Nani aliishika kalamu ofisini si neno. Ndiyo maana kinachotangulia ni jina la sheria yenyewe, na APA inasema hivyo hivyo: kwenye mwongozo wake, sheria huingia orodhani kwa jina lake.

Na ukurasa? Kifungu ndicho ukurasa wa sheria. Sheria huchapwa na kuchapwa tena, kwa herufi kubwa na ndogo, na mistari huhama, lakini kifungu cha 20(2) kinabaki cha 20(2) kwenye kila nakala ya toleo hilo. Kwenye Katiba tunasema ibara, kwenye sheria za Bunge tunasema kifungu, na kwenye kanuni zinazotungwa chini ya sheria tunasema kanuni. Ukiandika “Ibara ya 24” ya Katiba, inayohusu haki ya kumiliki mali, msomaji atafika hata kama nakala yake ni ya kijitabu cha mfukoni. Mwonyeshe msimamizi nakala zako mbili zisizolingana kurasa, kisha mwonyeshe kwamba namba za vifungu zinalingana. Naamini ataelewa.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonihangaisha zaidi kwenye swali lako: (URT, 1977). Kwenye tasnifu nyingi nakutana na sentensi ya namna hii: tangu mwaka 1977 Katiba ya Tanzania imemhakikishia mwanamke usawa mbele ya sheria. Sentensi hiyo si kweli. Katiba ya mwaka 1977 ilipotungwa haikuwa na sehemu ya haki za binadamu. Sehemu hiyo, yenye ibara ya 13 ya usawa na ibara ya 24 ya mali, iliingizwa na mabadiliko ya tano, Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, na sheria nyingine ya mwaka huo huo ikaahirisha watu kuidai mahakamani hadi mwaka 1988. Kwa hiyo mwanamke aliyenyang’anywa shamba mwaka 1980 hakuwa na ibara ya 13 ya kukimbilia. Kwa tasnifu yako jambo hili ni kubwa. Kama riwaya unayoichambua hadithi yake iko miaka ya sabini, ukimlaumu mhusika kwa kutokwenda kudai haki yake ya kikatiba unamlaumu kwa kutotumia kitu ambacho hakikuwepo.

Unaona rejeleo baya linavyozaa hoja mbaya? Tarehe ya sheria si moja. Kuna mwaka ilipotungwa, kuna siku ilipoanza kutumika, kuna miaka iliporekebishwa, na kuna mwaka wa toleo uliloshika mkononi. Sheria zote mbili za ardhi zilitungwa mwaka 1999, lakini zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ya Ardhi ikarekebishwa mwaka 2004 kwa Sheria Na. 2 ya mwaka huo, na haikuwa mara pekee. Anayesema “sheria ya 1999 inasema” huku amefungua toleo jipya anamsingizia mtunga sheria wa 1999 maneno ambayo pengine yaliingizwa baadaye.

Dawa yake iko kwenye ukurasa wa kwanza wa sheria, ule ambao wanafunzi wengi huuruka wakati wa kutoa fotokopi. Chukua toleo lililofanyiwa urekebu, yaani lile ambalo marekebisho yote yameshaunganishwa ndani yake. Juu ya ukurasa utaona namba ya Sura, yaani namba ya sheria hiyo katika mkusanyiko wa sheria za nchi: Sheria ya Ardhi ni Sura ya 113, ya Ardhi ya Vijiji ni Sura ya 114. Pembeni yake kuna mwaka wa toleo, kwa mfano 2002 au 2019. Shuka hadi penye jina refu la sheria. Hapo kuna mabano ya mraba yenye tarehe ya kuanza kutumika, na karibu yake namba za sheria zilizoitunga na kuirekebisha. Mistari hiyo michache ina karibu kila kitu unachohitaji kwa rejeleo. Niliwahi kukaa na mwanafunzi mchana mzima tukitafuta kifungu alichokinukuu, kwa sababu fotokopi yake ilianzia ukurasa wa tatu na hakuna aliyejua ni toleo gani.

Hili la toleo limekuwa la haraka zaidi sasa. Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na kwenye baadhi ya sheria namba za vifungu zimepangwa upya. Kifungu ulichozoea kukiita kwa namba fulani huenda kimesogea. Ushauri wangu: unapoeleza sheria ilivyo leo, tumia toleo la 2023 na uhakikishe kila namba kwa macho yako. Unapoeleza tukio la zamani, taja sheria kama ilivyokuwa wakati huo na toleo ulilosomea. Tafadhali usichanganye namba za kale na jina la toleo jipya, maana hilo ni kosa ambalo msomaji hawezi kulirekebisha mwenyewe.

Kuhusu lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kwenye kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zimekuwa zikitafsiriwa. Kwa hiyo kabla hujatafsiri jina kwa kichwa chako, tafuta kama kuna jina rasmi la Kiswahili na ulitumie lilivyo. Wanafunzi hutunga majina yao, “Sheria ya Mashamba ya Vijijini” na mengine ya namna hiyo, na msomaji hupotea. Uzuri ni kwamba namba ya Sura haijui lugha: ukiandika Sura ya 114, msomaji wa Kiswahili na wa Kiingereza wanafika mahali pamoja. Kwa upande wa maneno yenyewe, kama ulisoma maandishi ya Kiingereza na ukayanukuu kwa Kiswahili chako, andika “tafsiri yangu” kwenye mabano. Katiba iko tofauti, kwani imeandikwa kwa Kiswahili. Nukuu Kiswahili chake moja kwa moja, usiitafsiri kutoka nakala ya Kiingereza kana kwamba ndiyo asili.

Sasa hukumu. Kwa mada yako huwezi kuikwepa kesi ya Holaria Pastory, na itakufundisha karibu mambo yote. Bibi huyu wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Uzee ulipomfika na hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, Gervazi Kaizilege, kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, mwana wa nduguye, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe, kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Alishinda. Mahakama ya Wilaya ikaugeuza uamuzi, naye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliitupa rufaa yake, akasema kanuni ile ya mila sasa isomwe kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Hapo una mahakama tatu na majibu yasiyofanana. Ukiandika “mahakama iliamua kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo”, umesema jambo lililotokea kweli Kashasha na ambalo limeshatenguliwa. Kwa hiyo rejeleo la hukumu lina majina ya wadaawa (pande zinazoshindana kwenye kesi), aina na namba ya shauri, mahakama na mahali ilipokaa, na mwaka wa hukumu. Jaji si mwandishi. Jina lake litaje ndani ya sentensi ikiwa lina maana kwa hoja yako.

Kanuni ya mila yenyewe nayo ina anwani yake. Si “mila za Wahaya” zilizosimuliwa tu: ni kanuni ya 20 ya sheria za urithi zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Matangazo ya Serikali hurejelewa kwa namba na mwaka, na namba huanza upya kila mwaka, kwa hiyo namba pekee haimfikishi mtu popote.

Jambo jingine linalowatisha wanafunzi ni kesi moja kuonekana na majina mawili. Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, vinavyohusu umri wa kuolewa, na hukumu ikatoka tarehe 8 Julai 2016. Hapo yeye anatangulia na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anafuata. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Huko Mwanasheria Mkuu ndiye anayetangulia, kwa sababu ndiye mrufani. Hizo ni hukumu mbili, kila moja na rejeleo lake. Usisahihishe mpangilio wa majina ili ufanane.

Hukumu za mtandaoni zitafute TanzLII, hazina inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Nyingi zina rejeleo fupi lenye mwaka kwenye mabano ya mraba, herufi TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, na namba. Ukilipata, linakili lote. Kiungo cha tovuti ni nyongeza nzuri, lakini kiungo peke yake si rejeleo. Habari ya gazeti kuhusu hukumu pia haiwezi kusimama badala ya hukumu.

Sasa APA yenyewe. Mwongozo wake wa kurejelea sheria umeegemea desturi za kisheria za Marekani, na hausemi lolote kuhusu Sura zetu wala Matangazo ya Serikali. Kwa hiyo una njia tatu. Ya kwanza ni kufuata umbo la APA kwa ukavu wake, jina na mwaka: (Sheria ya Ardhi ya Vijiji, 1999). Inakubalika, ila inaficha toleo. Ya pili ni mtindo wa OSCOLA, wenye tanbihi, ambao wanasheria wanaupenda na ni sahihi sana, lakini kwenye tasnifu ya fasihi yenye APA utakuwa na mifumo miwili inayogombana. Ya tatu ndiyo ningeichagua mimi: umbo la APA, lililojazwa taarifa zetu. Ndani ya maandishi uandike (Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, kif. 20(2)), na kwenye marejeleo, tuseme toleo ulilosomea ni la 2019:

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, Sura ya 114, Toleo la 2019 (Tanzania).

Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory na Gervazi Kaizilege, Rufaa ya Madai (PC) Na. 70 ya 1989 (Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, 1990).

Ndani ya maandishi jina la kesi huwekwa kwa herufi za mlazo. Kwenye orodha, APA huliacha wima. Kabla hujabadilisha hata rejeleo moja, fungua mwongozo wa tasnifu wa chuo chako. Kama idara inalazimisha URT, itii, lakini andika jina la sheria na kifungu ndani ya sentensi yako mwenyewe, ili mabano yasiwe ndiyo njia pekee ya msomaji. Kama hausemi kitu, mpelekee msimamizi rejeleo moja la sheria na moja la hukumu, akubali, ndipo urekebishe zote. Na kama chuo chenu kina kitivo cha sheria, nenda na sura yako iliyochapwa kwa mkutubi wa huko. Kwa saa moja mtamaliza kinachokuchukua wiki peke yako.

Mambo mawili ya haraka. Hakikisha unachorejelea si muswada. Mtandaoni vinafanana sana, na muswada hubadilika bungeni kabla ya kuwa sheria. Pia sheria hizi mbili za ardhi ni za Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo riwaya ya Kizanzibari ichambue kwa sheria za huko.

Na usiiombe programu ya akili unde ikutafutie kesi kisha ukanakili bila kuzifungua. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na programu ya namna hiyo, zenye majina na namba zinazopendeza na zisizokuwepo. Kesi usiyoifungua mwenyewe usiirejelee.

Nimebakiza shangazi. Mwalimu, hapo simama. Kuandika sura ya tasnifu na kumwandikia mtu hoja za kesi ni kazi mbili tofauti. Kwenye tasnifu ukikosea kifungu unaandika upya; kwenye shauri lake akikosea anaweza kupoteza shamba. Isitoshe, jibu lake linategemea mambo ambayo vitabu vyako havina: ardhi iko kijiji gani, kuna wosia au hakuna, nani alikuwepo wakati wa mgawanyo, kuna uamuzi wowote uliokwishatolewa. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, imeweka utaratibu wa watu wasio na uwezo kusaidiwa bila malipo, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itamwelekeza kwao. Msaidie kukusanya karatasi zake: wosia, mihtasari ya vikao vya ukoo, risiti, majina ya majirani wanaopakana naye. Kama kuna uamuzi wa baraza tayari, aende wiki hii hii na nakala yake mkononi, kwa sababu muda wa kukata rufaa una kikomo, na siku zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa.